"Kunywa Kool-Aid": msemo wa ofisini wenye maiti nyuma yake

Ofisini kwetu, hapa Mombasa, kijana mmoja alirudi kutoka semina ya siku tatu akawa hana jingine ila programu mpya ya kupanga kazi. Asubuhi programu, wakati wa chai programu, jioni tukivuka feri ya Likoni bado programu. Mwenzetu akasema, "Yakhe, huyu ashakunywa Kool-Aid." Watu wakaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka.

Msemo wenyewe kwa Kiingereza ni "drink the Kool-Aid". Huambiwa mtu aliyeshika jambo kwa shauku iliyopita kiasi, akalipokea zima zima kutoka kwa kiongozi, kampuni au chama, na sasa hahoji tena. Anayependa tu mpira au kuvua samaki haambiwi hivyo; lazima pawe na mtu aliyemwaminisha. Wala si sifa. Ni kumwambia kwamba akili yake ameikabidhi kwa mwingine.

Kool-Aid ni juisi ya unga, ya kukoroga kwa maji na sukari, iliyoanza kuuzwa Nebraska, Marekani, mwaka 1927. Kinywaji cha watoto. Jina lake liliingia kwenye msemo huu kupitia Jonestown, makazi yaliyojengwa msituni nchini Guyana na wafuasi wa mhubiri wa Kimarekani, Jim Jones. Tarehe 18 Novemba 1978, baada ya walinzi wake kumuua mbunge wa Marekani, Leo Ryan, aliyekwenda kuchunguza hali ya wafuasi hao, Jones aliamuru watu wake wanywe juisi iliyotiwa sianidi. Siku hiyo walikufa zaidi ya watu 900, na karibu theluthi yao walikuwa watoto. Juisi iliyotumika zaidi ilikuwa ya chapa nyingine, Flavor Aid, lakini jina lililojulikana ndilo lililobaki midomoni.

Sasa tazama kitenzi. Msemo unasema walikunywa, kana kwamba kila mmoja alijichotea kikombe kwa hiari. Watoto wachanga walimiminiwa sumu mdomoni kwa bomba la sindano. Walinzi wenye bunduki walisimama kando. Kiswahili kina neno la haki zaidi: walinyweshwa.

Sisi wa Pwani tunaijua tofauti hiyo. Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, upande wa Malindi, ambako watu waliambiwa wafunge mpaka wafe ili wakutane na Yesu. Miili iliyotolewa ilipita 400, mingi ya watoto. Jamaa zao walikuja kutolewa sampuli za DNA, wengine wakangoja miezi mingi kupata mtu wao wa kuzika. Nani hapa angemwambia mwenzake mwenye shauku ya kazi, "Umefunga Shakahola", halafu acheke? Wa Jonestown nao wana ndugu walio hai.

Na wala hatukukosa maneno. Aliyekolewa na jambo mpaka halali tunasema *kapagawa*, au *kapandisha*, kama mtu aliyepandwa na pepo, na pepo hupungwa akatulia, kwa hiyo neno lenyewe linamwachia mtu njia ya kurudi. Aliyeaminishwa na mwingine tunasema *kalishwa limbwata*. Hili ndilo lililo karibu zaidi na msemo wa Kiingereza, kwa kuwa nalo lina kitu kilichomezwa, ila lawama linampa aliyepika. Anayefurahia jambo tu asiweze kuliacha, huyo *kanogewa*.

Nilimweleza mwenzetu haya siku ya pili, tukiwa peke yetu, naye akaniambia hakuwa akijua. Kijana wa programu tunamwita aliyenogewa, na bado anaisifu.