Hofu ya siku za mwanzo za janga la korona: dhana potofu na ukweli wake

Tarehe 31 Desemba 2019 ofisi ya Shirika la Afya Duniani (WHO) nchini China ilipata habari za homa ya mapafu isiyojulikana chanzo katika mji wa Wuhan. Tarehe 30 Januari 2020 shirika hilo likatangaza dharura ya afya ya kimataifa, na tarehe 11 Machi mkurugenzi wake mkuu, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akatamka kwamba hilo sasa ni janga la dunia. Siku hiyo wagonjwa waliothibitishwa walikuwa wamepita 118,000 katika nchi 114. Katika wiki hizo chache watu walibishana nyumbani, kazini na kwenye magrupu ya WhatsApp usiku na mchana. Ni mafua tu au ni mauti? Tuvae barakoa au tusivae? Nani anasema kweli?

Kuhusu virusi vyenyewe mengi yameshaandikwa. Ninachotaka kusahihisha ni namna tunavyoikumbuka hofu ile na mabishano yale. Wengi wetu tumebaki na simulizi kwamba upande mmoja walikuwapo wataalamu waliojua kila kitu, na upande wa pili umma uliopagawa. Simulizi hiyo si ya kweli, na tukiibeba hivyohivyo hadi janga lijalo itatugharimu maisha ya watu.

Dhana: Watu wakiambiwa ukweli wote watataharuki, heri kuwatuliza

Hili ndilo shina la dhana nyingine nyingi, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo. Wanasosholojia wa majanga, akiwamo Enrico Quarantelli wa Marekani, walitumia miongo kadhaa kuchunguza watu wanavyotenda yanapotokea mafuriko, moto na matetemeko. Walichokikuta ni kwamba taharuki ya watu kukimbia ovyo na kukanyagana ni nadra. Lililo la kawaida ni watu kutafuta jamaa zao, kuulizana habari na kusaidiana. Mwenye hofu akielezwa wazi afanye nini, mara nyingi hukifanya.

Kinachovuruga watu ni habari nusu. Jioni ya tarehe 7 Machi 2020 nchini Italia, rasimu ya amri ya kufunga jimbo la Lombardy ilivuja kwa waandishi wa habari kabla haijasainiwa. Haikuwa na maelezo, haikuwa na msemaji, na hakuna aliyejua inaanza saa ngapi. Watu wakakimbilia vituo vya treni vya Milan, mji mkuu wa jimbo hilo, kuwahi usafiri wa kwenda kusini, na kulikuwa na hatari kwamba baadhi yao wanasafiri na maambukizi. Kosa la usiku ule tusiwatupie abiria peke yao. Walipewa tishio bila maelekezo.

Kunyamazisha nako kuna bei yake. Tarehe 30 Desemba 2019 Li Wenliang, daktari wa macho huko Wuhan, aliwatahadharisha madaktari wenzake kwenye kundi lao la mtandaoni. Siku chache baadaye, tarehe 3 Januari, polisi walimwita wakamtaka asaini onyo la kusambaza habari zisizo za kweli. Alifariki kwa ugonjwa uleule tarehe 7 Februari, na mwezi uliofuata uchunguzi wa serikali ukasema onyo lile halikustahili. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, na hapa aliyeumbuka si mgonjwa bali ni mamlaka.

Wala si jambo la leo. Mwaka 1918 nchi zilizokuwa vitani zilibana habari za homa kali ya mafua ili kulinda ari ya wananchi. Hispania haikuwa vitani, magazeti yake yakaandika waziwazi, na malipo yake yakawa ugonjwa kuitwa kwa jina lake hadi leo. Tarehe 28 Septemba mwaka huohuo, mji wa Philadelphia uliruhusu gwaride la kuchangisha mkopo wa vita, wakahudhuria watu wapatao 200,000. Siku chache baadaye hospitali za mji zilikuwa zimefurika.

Dhana: Waliojaza bidhaa nyumbani walikuwa wabinafsi tu

Walikuwapo walanguzi, na hao hawana utetezi. Lakini rafu hazikuhitaji walanguzi ili ziwe tupu. Duka huagiza kadiri ya mauzo ya kawaida. Kila mteja akiongeza pakiti moja tu siku hiyohiyo, mzigo hautoshi. Tena watu waliofungiwa nyumbani walihitaji karatasi za chooni na sabuni zaidi ya zamani, maana zile za ofisini na shuleni hawakuzitumia tena. Picha ya rafu tupu ikisambaa, hata aliyetulia anaona ni busara kuwahi.

Dhana: Wataalamu walibadilisha kauli, kwa hiyo walidanganya

Hapa ukweli una pande mbili, na ni lazima tuzitaje zote.

Upande wa kwanza: kubadilisha ushauri ushahidi unapobadilika ni uaminifu. Mwanzoni WHO na kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, hawakushauri kila mtu mwenye afya avae barakoa. Baadaye ikadhihirika kwamba mtu asiye na dalili yoyote anaweza kuambukiza wengine, na hilo likageuza hesabu yote, kwa sababu huwezi tena kumngoja akohoe ndipo umwepuke. CDC ilibadilisha ushauri wake tarehe 3 Aprili 2020, WHO tarehe 5 Juni.

Upande wa pili ndio unaoniuma. Barakoa zilikuwa haba, na wahudumu wa afya walizihitaji kuliko yeyote. Hiyo ilikuwa sababu ya kutosha na ya heshima, na watu wangeielewa. Badala yake ikachanganywa na nyingine. Tarehe 29 Februari 2020 Jerome Adams, daktari mkuu wa serikali ya Marekani, aliandika mtandaoni akiwataka watu waache kununua barakoa, kwamba haziwakingi watu wa kawaida, na papo hapo akaeleza kuwa wahudumu wa afya wakizikosa itakuwa hatari kwao na kwa jamii. Msikilizaji mwenye akili timamu aliuliza: kama hazisaidii, wahudumu wanazitakia nini? Swali lile lilikuwa halali kabisa. Aliyeliuliza akaitwa mbishi, na imani ikaanza kupasuka hapo.

Yalitokea hayohayo kuhusu hewa. Tarehe 28 Machi WHO ilitangaza kwa herufi kubwa kwamba ugonjwa huu hausambai kwa hewa. Mwezi Julai wanasayansi 239 waliandika barua ya wazi wakisema ushahidi unaonyesha kinyume, hasa ndani ya vyumba visivyopitisha hewa, na baadaye WHO yenyewe ikakubali njia hiyo. Kosa halikuwa kutojua mwezi Machi. Kosa lilikuwa kusema kwa uhakika jambo ambalo bado lilikuwa likichunguzwa.

Nasi wasikilizaji tulikuwa na sehemu yetu. Tarehe 14 Januari WHO ilisema uchunguzi wa awali wa mamlaka za China haujapata ushahidi wa wazi kwamba ugonjwa unaambukiza kati ya mtu na mtu. Wengi tulisikia: "hauambukizi." Kutopata ushahidi ndani ya wiki mbili si sawa na kuthibitisha kwamba jambo halipo. Siku sita baadaye mtaalamu wa China, Zhong Nanshan, alithibitisha kwamba unaambukiza, na tarehe 23 Januari Wuhan, mji wa watu wapatao milioni 11, ukafungwa.

Dhana: Wagonjwa ni wachache, kelele za nini?

Chukua wagonjwa 100. Kama idadi inaongezeka maradufu kila baada ya siku 3, siku ya 15 watakuwa 3,200, na siku ya 30 watakuwa 102,400. Akili zetu hazijazoea mwendo wa namna hiyo. Tunatarajia kesho ifanane na leo, na kwa siku chache za mwanzo inaonekana kufanana.

Tena takwimu za leo ni habari za zamani. Aliyeambukizwa korona mwanzoni mwa 2020 kwa kawaida alianza dalili kama siku 5 baadaye, akachelewa kupimwa kwa sababu vipimo vilikuwa haba, na aliyezidiwa hadi kufariki alichukua wiki kadhaa. Kwa hiyo idadi ya vifo iliyotangazwa jioni ilieleza maambukizi ya mwezi uliopita. Aliyeiangalia akasema "bado" alikuwa akitazama nyuma.

Upande wa pili nako kulikuwa na kutia chumvi. Tarehe 3 Machi WHO ilisema asilimia 3.4 ya wagonjwa walioripotiwa duniani wamefariki. Tilia mkazo "walioripotiwa". Walioambukizwa bila kupimwa hawamo kwenye hesabu hiyo, na walikuwa wengi. Meli ya Diamond Princess, iliyowekwa karantini Yokohama ikiwa na watu karibu 3,700, ilisaidia kulionyesha hilo kwa sababu humo watu walipimwa hata wasio wagonjwa: zaidi ya 700 walikuwa na virusi, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili walipopimwa. Hatari kwa mtu mmoja ilikuwa ndogo kuliko asilimia ile. Hatari kwa hospitali zilizopokea maelfu kwa mkupuo ilikuwa kubwa mno. Yote mawili yalikuwa kweli kwa pamoja, na sehemu kubwa ya ugomvi wetu ilikuwa kati ya watu walioshika nusu mojamoja.

Kisha kuna wale wanaosema, "Hawakufa wengi mahali fulani, basi tulitishwa bure." SARS, ugonjwa wa mapafu wa 2003, ilikomea kwa wagonjwa 8,096 na vifo 774. Haikukoma kwa upole wake, maana iliua karibu mmoja kati ya kumi. Ilikoma kwa sababu wagonjwa wake waliambukiza zaidi baada ya kuugua waziwazi, hivyo kuwatenga mapema kulifanya kazi.

Dhana: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja

Methali hii inafaa mambo mengi, lakini kwenye janga imeponza watu. Tuutazame kwa karibu ujumbe mmoja wa Machi 2020 uliozunguka dunia kwa lugha chungu nzima. Ulisema: vuta pumzi, ibane kwa sekunde 10, usipokohoa, mapafu yako ni salama. Kisha ukaongeza: kunywa maji kila dakika 15, virusi vitashuka tumboni viuawe na asidi. Ukawekewa na jina la hospitali maarufu ya Stanford.

Ona ulivyosukwa. Unataja taasisi kubwa lakini hautaji daktari wa kuulizwa. Unampa mtu kipimo cha bure wakati vipimo halisi havipatikani, yaani unaingia palepale penye njaa. Unachanganya shauri lisilo na madhara, kunywa maji, na lenye madhara, kujiona mzima. Kijana mwenye virusi angeweza kubana pumzi bila shida kisha akaenda kumsalimia bibi yake. Stanford ilikana kwamba ujumbe ulitoka kwake, lakini kanusho halikwenda kwa kasi ya ujumbe.

Aliyeusambaza hakuwa mpumbavu. Kwa kawaida alikuwa mama, kaka au shangazi anayewapenda watu wake na asiye na kingine cha kuwapa. Kumcheka mbele ya kundi zima kulimfanya akae kimya na kuendelea kuamini. Aprili 2020 WhatsApp ilipunguza nafasi ya kusambaza ujumbe uliokwisha kupita mikono mingi, ukawa unatumwa kwenye gumzo moja tu kwa wakati. Ilisaidia, ila ujumbe ule ulikuwa unajibu swali ambalo hakuna aliyekuwa amelijibu.

Uvumi mwingine uliua moja kwa moja. Nchini Iran mamia ya watu walifariki baada ya kunywa pombe yenye methanoli, ambayo ni sumu, wakidhani ni kinga. Uingereza minara ya simu ilichomwa moto kwa madai kwamba mawimbi ya 5G ndiyo yaletayo ugonjwa, ilhali virusi vilikuwa vikienea hata kusikokuwa na minara hiyo.

Dhana: Ugonjwa huu ni wa watu fulani

Watu wenye sura za Kiasia walitukanwa na kupigwa katika miji mingi wakati virusi tayari vinasafiri na abiria wa kila taifa. Ulisambaa pia uvumi kwamba watu weusi hawaupati. Idris Elba, mwigizaji wa Uingereza, alipotangaza Machi 2020 kwamba ana virusi aliukemea waziwazi, na alifanya vema. Tangu 2015 mwongozo wa WHO unakataza kuyapa magonjwa mapya majina ya nchi, watu au wanyama. Mwaka 2009 yale yaliyoitwa mafua ya nguruwe yaliifanya Misri kuamuru nguruwe wake wapatao 300,000 wachinjwe, kabla ya kuwa na mgonjwa hata mmoja. Mafua hayo yalikuwa yakienezwa na watu.

Dhana: Kubishana kwenyewe ndiko kulikotuumiza

Kulituumiza pale tulipobishana bila namna ya kupata jawabu. Tazama ugomvi wa dawa. Hydroxychloroquine, dawa ya zamani ya malaria, ilipigiwa debe na wanasiasa, ikapingwa na wengine, kila upande ukiwa na mgonjwa wake aliyepona. Mwezi Machi 2020 madaktari wa Uingereza walianzisha jaribio la RECOVERY: wagonjwa waliolazwa hospitalini waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakapewa dawa na baadhi huduma ya kawaida, kisha wakahesabu waliopona na waliokufa. Kufikia Juni ilijulikana kwamba hydroxychloroquine haiwasaidii waliolazwa. Kwa njia hiyohiyo ikajulikana kwamba dexamethasone, dawa ya bei nafuu iliyokuwa hospitalini kwa miongo mingi, inapunguza vifo kwa karibu theluthi moja kwa walio kwenye mashine ya kupumulia, na kwa takriban moja ya tano kwa wanaopewa oksijeni. Kwa wagonjwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote, kwa hiyo waliokimbilia kuinunua na kuimeza nyumbani hawakuwa wamejikinga na chochote.