Kamati ya kudumu ya halmashauri: kiwanja, ngoma na taa ya mtaani vinajadiliwa wapi?

Siku lori liliposhusha mawe katikati ya kiwanja cha mtaa wetu hapa Mwanza, kila mtu alikuwa na mtu wake wa kumpigia simu. Mmoja alimpigia askari anayefahamiana naye, mwingine akamtafuta diwani, kijana mmoja akasema tumwandikie mbunge moja kwa moja. Kiwanja chenyewe ni kipande cha udongo wa kichanga kati ya miamba miwili mikubwa. Asubuhi watoto hucheza mpira, na jioni kikundi cha bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, hufanya mazoezi, majembe yakipanda na kushuka pamoja na ngoma. Mtu amezaliwa pale, akazeeka pale, hajawahi kuona karatasi yoyote inayosema kiwanja ni cha nani.

Katika kuhangaika kwetu nilisikia neno ambalo nilikuwa nimelizoea redioni bila kulielewa: kamati ya kudumu. "Hilo litaenda kamati," mtendaji wa kata alituambia. Tuliondoka tukidhani ametutoa njiani. Kumbe alikuwa anatuonyesha njia.

Kamati ya kudumu ni kundi la madiwani waliokabidhiwa na Baraza lao aina fulani ya shughuli ili waichambue kwa kina kabla Baraza zima halijaamua. Halmashauri ya jiji haiwezi kujadili kila kiwanja, kila darasa na kila dampo katika mkutano mmoja wa watu wengi. Jiji la Mwanza peke yake lina kata 18. Ukiongeza madiwani wa viti maalumu na wabunge, ambao nao ni wajumbe wa Baraza, unapata ukumbi ambamo kila mmoja akisema kwa dakika kumi juu ya kila jambo jua linazama. Kwa hiyo kazi inagawanywa. Kamati inakaa kwanza na kuwahoji wakuu wa idara, ikibidi inapanda gari kwenda kuona eneo kwa macho, kisha inapeleka mapendekezo yake Barazani.

Kinachodumu ni kamati yenyewe. Wajumbe wake wanaweza kubadilika, na wenyeviti wake huchaguliwa upya, lakini kiti na majukumu vinabaki vilevile kwa mujibu wa kanuni za kudumu za halmashauri. Hapo ndipo inapotofautiana na kamati ya muda, ile inayoundwa kuchunguza jambo moja, ikatoa taarifa na kuvunjwa.

Mamlaka za miji zinaongozwa na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) Na. 8 ya mwaka 1982. Katika jiji utazikuta Kamati ya Fedha na Uongozi, ambayo mwenyekiti wake ni Meya, kamati ya uchumi, afya na elimu, na Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Zipo pia ya kudhibiti UKIMWI na ya maadili ya madiwani. Ile ya fedha hukutana kila mwezi, nyingine kwa kawaida kila robo mwaka, kabla ya mkutano wa kawaida wa Baraza. Mkurugenzi wa Jiji ndiye katibu wa Baraza, na watumishi wake ndio wanaoandaa taarifa.

Taarifa hizo hufungwa pamoja, na kitabu chake kinaitwa kabrasha. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipofumbuka macho. Mama mmoja aliyewahi kuwa diwani wa viti maalumu alinifungulia kabrasha lake la zamani, karatasi zimeanza kugeuka rangi, pembeni ameandika kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa kwanza ni ajenda: kufungua kikao, kuthibitisha ajenda, kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita, yatokanayo na muhtasari huo, taarifa ya utekelezaji ya robo, mengineyo, kufunga.

Akaweka kidole kwenye neno moja. "Mwanangu, watu wanapigania kuingia kwenye mengineyo. Wewe pigania kuingia kwenye yatokanayo."

Nilimwomba anifafanulie. Yatokanayo ni orodha ya mambo yote yaliyoagizwa kikao kilichopita, moja baada ya jingine, na mbele ya kila jambo mkuu wa idara anayehusika ameandika lilipofikia. Jambo likishaingia humo, linarudi kila robo. Mtaalamu aliyesema "tunalishughulikia" mwezi wa tatu atakutana na sentensi yake mwenyewe mwezi wa sita. Mwenyekiti anaweza kubadilika, afisa akahamishwa, lakini mstari ule unabaki mpaka mtu aandike kwamba limetekelezwa, au kikao kiridhike kulifuta. Jambo lililosemwa kwenye mengineyo, saa nane mchana, wajumbe wamechoka na katibu anafunga kalamu, mara nyingi linaishia hewani.

Tangu siku hiyo nikisikia suala limefika kamati, naulizia kama limeandikwa kwenye muhtasari, na nani ameagizwa kulifanya.

Sasa turudi kwenye vitu vitatu vilivyotugusa sisi: kiwanja, ngoma, na usalama wa watu wanaopita pale usiku. Katika miji ya Marekani unaweza kukuta kamati ya halmashauri yenye jina linalotaja bustani, sanaa au usalama wa umma waziwazi. New York ina kamati ya bustani na burudani. Chicago, yenye madiwani 50, ina kamati ya polisi na zimamoto, na inaeleweka kwa nini: polisi na zimamoto wa Chicago ni idara za jiji lenyewe, bajeti yao inapita mikononi mwa madiwani. Kwetu mambo hayo matatu hayakai kapu moja, na anayetafuta kamati ya jina hilo Mwanza atazunguka bure.

Kiwanja ni suala la ardhi na mpango wa mji. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 halmashauri ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwenye ramani ya mipango miji eneo la wazi lina alama yake kama ilivyo shule au soko, na kulifanya liwe kitu kingine ni kubadilisha matumizi ya ardhi, jambo linalopaswa kupita Kamati ya Mipango Miji na Mazingira. Mwanza suala hili ni zito kuliko kwingi. Anayeijua Mabatini, Igogo au Isamilo anajua nyumba zilivyopanda juu ya miamba hadi mtu anafika kwake kwa kushika jiwe. Ardhi tambarare ni chache. Eneo la wazi likishaliwa na msingi wa nyumba, hakuna lingine litakaloota. Mtoto wa pale atacheza barabarani au atateremka ziwani.

Na ziwani nako kuna mpaka wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingo wa ziwa zisifanyiwe shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira. Ukisikia kamati inajadili bustani ya ufukweni au banda lililosogezwa hadi majini, mita hizo 60 ndizo zipo mezani, na wataalamu wa mazingira watakuwa na neno.

Si kila bustani unayoiona ni ya jiji. Kisiwa cha Saanane, kile unachokiona ukisimama Capri Point, kilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, na tangu 2013 ni hifadhi ya taifa chini ya TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Kamati ya madiwani haina kauli juu ya kiingilio chake. Viwanja vya Furahisha viko upande wa Ilemela, ambayo tangu 2012 ni manispaa yenye Baraza na kamati zake. Mtu anayeishi Nyamagana, yaani ndani ya Jiji la Mwanza, akipeleka malalamiko ya Furahisha kwa diwani wake, diwani atamsikiliza kwa heshima, ila hana kikao cha kuyapeleka. Uwanja wa Nyamagana, huo ni wa jiji.

Ngoma ina mlango mwingine. Halmashauri ina kitengo cha michezo, utamaduni na sanaa, na afisa utamaduni ndiye mtu wa kwanza wa kumwona kikundi kikitaka kutambuliwa, kupata barua ya utambulisho au kuomba eneo la tamasha. Kitaifa kuna BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1984. Taarifa za kitengo kwa kawaida hupelekwa kwenye kamati inayobeba huduma za jamii, na hapo hukaa kurasa za nyuma, baada ya madarasa na zahanati. Nalisema hili kwa uchungu. Usukuma ni nchi ya ngoma: mashindano ya Bagika na Bagalu, makundi mawili ya wacheza ngoma, yamejaza viwanja kwa vizazi, na kila mwaka watu humiminika Bujora, Kisesa, kwenye sherehe za Bulabo. (Kisesa nayo ni wilaya ya Magu, kwa hiyo mambo yake yana Baraza lake.) Lakini vijana wetu wa bugobogobo hawaombi jengo. Wanaomba kiwanja kisichukuliwe. Ombi lao la sanaa, ukilifuatilia, linaangukia kwenye kamati ya mipango miji.

Usalama ndio unaochanganya zaidi. Jeshi la Polisi liko chini ya Serikali Kuu, Wizara ya Mambo ya Ndani, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji vilevile. Kamati ya usalama ya wilaya ipo, ila mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, na haimo katika kamati za madiwani. Taa za barabarani kwenye barabara za mitaa ni za kuzungumza na TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, iliyokabidhiwa barabara hizo mwaka 2017. Halmashauri inabaki na mgambo wake, sheria ndogo zake za usafi na utaratibu, na nguvu ya kupanga mji usio na vichochoro vya giza. Chini kabisa kuna mtaa. Sungusungu ilizaliwa ukanda huu wa Usukuma mwanzoni mwa miaka ya 1980, wanavijiji walipochoshwa na wizi wa ng'ombe, na ulinzi shirikishi wa leo bado unaanzia ofisi ya mtaa, kwenye daftari la zamu.

Kamati yenyewe haina mamlaka ya mwisho katika kila kitu. Haitungi sheria ndogo, haipitishi bajeti wala haitozi ushuru. Hayo ni ya Baraza, na sheria ndogo hata baada ya Baraza inahitaji idhini ya Waziri mwenye dhamana ya serikali za mitaa. Kamati inapendekeza. Lakini pendekezo lililochambuliwa vizuri, lenye ramani na muhtasari wa mtaa nyuma yake, ni gumu kulitupa mbele ya watu. Na watu wanaweza kuwepo, kwa sababu mkutano wa Baraza uko wazi kwa wananchi. Vikao vya kamati kwa kawaida ni vya wajumbe na wataalamu, ndiyo maana hoja inatakiwa iwe imeandikwa kabla hawajafunga mlango.

Yetu tuliiandika hivi. Mwenyekiti wa mtaa aliitisha mkutano wa wakazi palepale kiwanjani, mawe yakiwa yamerundikwa nyuma yetu. Mzee mmoja aliyeanza kuishi pale kabla Mwanza haijawa jiji mwaka 2000 alionyesha kwa fimbo kiwanja kinapoanzia na kinapoishia. Katibu aliandika, tukatia saini, wasiojua kuandika wakaweka dole gumba. Muhtasari ukaenda kwa mtendaji wa kata, ukajadiliwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo diwani ndiye mwenyekiti wake, ukapanda hadi kwa wataalamu wa mipango miji, wakaja na ramani na kupima. Kisha ukaingia kabrashani.

Nakala ya mstari wetu nilipigiwa picha kwa simu: namba ya ajenda, jina la mtaa, agizo kwamba mawe yaondolewe na mipaka ya eneo la wazi iwekewe vigingi, idara inayohusika, na safu ya mwisho ya utekelezaji. Mawe yaliondoka. Vigingi viwili vimesimama upande wa barabara, upande wa mwambani bado. Robo iliyopita safu ya mwisho ilisomeka "utekelezaji unaendelea", na diwani wetu amekataa ifutwe. Jioni vijana wanaendelea na mazoezi, na anayepiga ngoma kubwa ameegemeza mgongo kwenye kigingi cha kwanza.