Neno "glance" katika sentensi: jinsi Kiingereza kinavyotupa jicho

Kitenzi cha Kiingereza "glance" kina maana ambayo mzungumzaji wa Kiswahili anaijua tangu utotoni, nayo ni kutupa jicho: mtu hutazama kitu kwa kukusudia, kwa muda mfupi sana, kisha macho yake hurudi yalikokuwa. Kwa maana nyepesi namna hiyo ungetarajia neno lenyewe lisimsumbue mtu. Hata hivyo, katika kazi yangu ya kufundisha watu wazima kuandika Kiingereza na kuhariri maandishi yao, nimeona kwamba hili ni mojawapo ya maneno yanayoeleweka vizuri wakati wa kusoma na kuharibika wakati wa kuandika. Chanzo chake, kwa maoni yangu, ni uwezo mkubwa wa vitenzi vyetu wenyewe. Kitenzi cha Kiswahili hubeba ndani yake mambo mengi ambayo Kiingereza huyaacha nje, yakashikwa na vihusishi vidogo kama "at", "over" na "off", na mwandishi aliyezoea kumaliza kila kitu ndani ya kitenzi huvisahau vihusishi hivyo kwa urahisi.

Chukua sentensi "Alimtupia jicho mlinzi." Kiambishi "-m-" kimeshamtaja anayetazamwa, na ile "-i-" iliyo katika "tupia" imeshaonyesha kwamba jicho lilielekezwa kwake, kwa hiyo hakuna kilichobaki cha kuongeza. Mwandishi anayehamisha mpangilio huo kama ulivyo ataandika "She glanced the guard", na msomaji wa Kiingereza atakwama, kwa sababu kwake kitenzi hiki kikifuatwa moja kwa moja na yambwa huleta picha ya kitu kilichomparaza mtu, kama jiwe lililompitia begani. Sentensi sahihi ni "She glanced at the guard." Kihusishi "at" kinafanya kazi ileile ya "-i-" ya kauli ya kutendea, na ndiyo maana hakiondoki hata sentensi inapogeuzwa kuwa ya kutendwa. Sisi husema "Ripoti ilitupiwa jicho tu", nao husema "The report was only glanced at." Wengi wetu tulionywa shuleni tusimalize sentensi ya Kiingereza kwa kihusishi, na nimewaona waandishi wazuri wakiifuta "at" hiyo ya mwisho kwa kutii onyo hilo. Onyo hilo halina uzito hapa, kwani ukiifuta "at", sentensi inavunjika.

Mahali ndipo penye utajiri zaidi, na ndipo makosa yanapokuwa magumu kugundua kwa sababu sentensi huonekana sahihi. Kiswahili kinaweza kusema "Alitupa jicho dirishani" na msomaji akatambua kwa muktadha kilichokusudiwa. Kiingereza kinamlazimisha mwandishi achague. "He glanced at the window" maana yake dirisha lenyewe ndilo lililotazamwa, pengine kuhakikisha kama limefungwa. "He glanced out of the window" ni mtu aliye ndani ya nyumba anayetazama nje. "He glanced in at the window" ni mtu anayepita nje na kutazama ndani. "He glanced through the window" inakubali pande zote mbili, bali inasisitiza kwamba macho yalipenya kioo. Kiambishi chetu "-ni" kinazimeza zote nne, kwa hiyo mwandishi hana budi kujiuliza kwanza mtu huyo amesimama wapi, kabla hajagusa Kiingereza.

Kioo cha gari ni mfano mwingine ninaoupenda. Dereva wa daladala anapotazama kioo ili ajue gari lililo nyuma yake, Kiingereza husema "The driver glanced in the mirror." Ukiandika "at the mirror", umesema kwamba alikitazama kioo chenyewe, labda kwa sababu kina ufa. Sentensi zote mbili ni Kiingereza safi, na hakuna programu ya kusahihisha sarufi itakayokuzuia ukichagua ile isiyokusudiwa.

Kwa maandishi, "over" na "through" ndivyo vinavyotumika sana. "I glanced over the contract" ni kuupitia mkataba juu juu, na kwa bahati njema "juu juu" yetu inakaa vizuri kando ya "over" yao. "I glanced through the newspaper" ni kupitisha macho ukurasa baada ya ukurasa, na "I glanced down the list" ni kushuka na orodha kutoka juu hadi chini. Jihadhari tu na "She glanced over her shoulder", ambayo haina uhusiano wowote na kusoma juu juu. Hiyo ni kugeuka na kutazama nyuma kwa haraka. Vilevile, pale tunapotumia kitenzi kingine kabisa, yaani "aliinua macho kutoka kwenye cherehani", wao hubaki na kitenzi kilekile na kubadili kinachofuata: "She glanced up from the sewing machine."

Swali ninaloulizwa kila mara ni tofauti kati ya "glance" na "glimpse". Anayejua tofauti ya kutazama na kuona ameshapata zaidi ya nusu ya jibu. "Glance" ni tendo la macho, nalo hutoka kwa mtazamaji. "Glimpse" ni kile ambacho macho yameambulia, kidogo na kwa ghafla, mara nyingi bila kutafuta. Watu waliojipanga barabarani msafara wa rais ukipita kwa kasi hawasemi "I glanced at the President" ikiwa walichopata ni mkono uliopunga nyuma ya kioo; husema "I caught a glimpse of the President." Maneno haya mawili yanaweza kukaa katika sentensi moja bila kugongana: "I glanced at the doorway and caught a glimpse of a red scarf", yaani nilitupa jicho mlangoni, nikaiona skafu nyekundu ikitoweka. Angalia pia kwamba "glance" kama nomino hufuatwa na "at", ilhali "glimpse" hufuatwa na "of".

Tukishafika kwenye nomino, vitenzi vinavyoandamana nayo ni vya kukariri. Kiingereza hukubali "cast a glance" na "throw a glance", ambazo ziko karibu sana na kutupa jicho kwetu, na "steal a glance" kwa yule anayetazama kwa kuibia. Macho hayana pazia, walisema wahenga, lakini hata asiye na pazia huweza kuona haya. "Make a glance" na "do a glance" hazisemwi. "She gave him a glance" inastahili kupendwa na Mswahili, kwa kuwa hapa hatimaye anayetazamwa anakaa karibu na kitenzi bila kihusishi, kama ilivyo katika "alimtupia jicho". Na pale tunaposema "wakatazamana", tukimaliza yote kwa "-ana", wao huhitaji nomino: "They exchanged glances."

Misemo miwili inafanana kwa sura na kuachana kwa maana. "At a glance" ni kujua jambo kwa kulitazama mara moja tu, bila shaka iliyobaki: "The chart shows at a glance which buses are full." "At first glance" ni mtazamo wa kwanza, na Kiingereza kinapoutaja huwa kimeshamwandaa msomaji kwa pingamizi linalokuja: "At first glance the two receipts are identical, but the dates differ." Ukiandika "at first glance" kisha usilete "but" yoyote, msomaji ataendelea kuisubiri.

Maana ya macho, hata hivyo, si ya kwanza kihistoria. Neno hili lilianza likieleza kitu kinachogonga kwa mshazari na kuchepuka, na matumizi ya kutazama yakaja baadaye, katika karne ya 16. Maana ile ya zamani bado inaishi: "The stone glanced off the windscreen" ni jiwe lililogonga kioo cha mbele likateleza pembeni, na "a glancing blow" ni pigo lililoparaza bila kumpata mtu sawasawa. Wapenzi wa kriketi wanaijua "leg glance", pigo ambalo mpigaji huuelekeza tu mpira upande wa nyuma kwa kuuinamisha ubao wake, na ambalo sifa yake hupewa zaidi Ranjitsinhji, aliyeichezea Uingereza mechi yake ya kwanza ya kimataifa mwaka 1896.

Lililobaki ni vielezi. "Glanced quickly" na "glanced briefly" utazikuta hata kwa waandishi Waingereza, lakini ninapohariri huviondoa, kwa kuwa haraka na ufupi vimo tayari ndani ya kitenzi. Kielezi kinachofaa ni kile kinacholeta habari mpya, kama "nervously", "sideways" au "longingly". Muda mrefu nao haukubaliki: "He glanced at the screen for an hour" haiwezekani, ila kwa tendo linalojirudia Kiingereza kina njia nzuri, "He kept glancing at the screen", na hapo saa nzima inaweza kupita bila sentensi kulalamika.