Metiki wa Athens: si raia, wala si mgeni wa kupita

Mwanafalsafa Aristotle hakuwa raia wa Athens, ingawa wakati mwingine huandikwa kana kwamba alikuwa. Kwao kulikuwa Stagira, kaskazini. Aliingia Athens mwaka 367 KK akiwa na miaka 17, akakaa miaka 20, akaondoka, akarudi mwaka 335 kufundisha katika shule yake, Lyceum, akaondoka tena mwaka 323. Kwa miaka hiyo yote zaidi ya 30 alikuwa metiki.

Metiki ni mtu huru mwenye asili ya nje, aliyeandikishwa kama mkazi wa Athens, analipa kodi ya kichwa, na hana kura katika Baraza, yaani mkutano wa raia wote. Maana yenyewe ni hiyo tu. Kinachovurugwa ni mipaka yake.

Nahodha aliyeshusha ngano bandarini Piraeus na kung'oa nanga hakuwa metiki. Huyo alikuwa mgeni. Lakini akipitisha muda uliowekwa, alilazimika kujiandikisha, kumpata raia wa kumdhamini, na kuanza kulipa: drakma 12 kwa mwaka kwa mwanamume, 6 kwa mwanamke anayejitegemea. Mwishoni mwa karne ya 5 KK, fundi aliyejenga hekalu la Erechtheion alilipwa drakma 1 kwa siku, kwa hiyo kodi ya mwaka ilikuwa ujira wa siku 12. Haikuwa fedha ya kumfilisi mtu. Uchungu wake ni kwamba raia hakulipa kodi ya kichwa kabisa, na metiki aliyethibitika kuikwepa aliuzwa utumwani. Kukosa mdhamini nako kulikuwa kosa la kufikishwa mahakamani, na kesi zake zilianzia kwa ofisa aliyeitwa polemarko.

Mpaka wa pili, kati ya metiki na raia, unaonekana wazi katika hesabu za ujenzi wa Erechtheion zilizochongwa kwenye mawe. Raia ameandikwa kwa mtaa wake: fulani wa Melite, fulani wa Alopeke. Metiki ameandikwa kwa makazi yake: Simias, *akaaye* Alopeke, aliyechonga mifuo ya nguzo pamoja na watumwa wake. Neno hilo moja limebeba sheria nzima. Tangu mageuzi ya Cleisthenes mwaka 508 KK, mtaa wa raia ulikuwa urithi kutoka kwa baba. Raia wa Alopeke akihamia Piraeus, akazaa huko, akafia huko, yeye na wanawe walibaki wa Alopeke. Metiki angeweza kuishi Alopeke maisha yake yote na bado akawa mtu akaaye tu.

Kuzaliwa Athens hakukumsaidia. Sheria ya mwaka 451 KK ya Pericles, kiongozi wa Athens, ilidai baba na mama wote wawili wawe Waathene, kwa hiyo mtoto wa metiki alikuwa metiki, na mjukuu vilevile. Mtumwa aliyeachwa huru naye aliingia kundi hilo hilo, bwana wake wa zamani akiwa mdhamini. Uraia ulitolewa kwa kura ya Baraza peke yake, na katika karne ya 4 KK kura hiyo ilirudiwa kwa siri mbele ya watu wasiopungua 6,000.

Katika maisha ya kila siku, kizuizi kikubwa kilikuwa ardhi. Metiki hakuruhusiwa kumiliki shamba wala nyumba bila kibali maalumu cha Baraza, kwa hiyo alipanga, na akili yake akaielekeza kwenye karakana, biashara na fedha. Cephalus, aliyetoka Syracuse, aliiachia familia yake karakana ya ngao. Watawala Thelathini, kundi la wachache lililoishika Athens kwa mabavu, walipoivamia mwaka 404 KK walikuta ngao 700 na watumwa 120, wakachukua vyote, na mwanawe Polemarchus wakamnywesha sumu. Ndipo mtu anapoelewa utajiri usio na uraia ulikuwa na kinga kiasi gani.

Wajibu hata hivyo alikuwa nao tele. Alipigana vitani, alichangia kodi za vita, na tajiri wao aligharimia kwaya za sikukuu ya Lenaia. Kwenye maandamano ya Panathenaia, sikukuu ya mungu Athena, wanaume wa kimetiki walivaa kanzu za zambarau na kubeba sinia za masega ya asali na maandazi, huku binti zao wakibeba mitungi ya maji. Mji ulitaka waonekane, ila wakiwa kwenye mstari wao.

Basi wanaowagawa wakazi wa Athens kuwa raia, wageni na watumwa hawajakosea kuwagawa mafungu matatu. Ni jina la fungu la kati tu la kurekebisha. Wakiandika "metiki", au hata "wakazi wasio raia", itatosha. "Wageni" humweka mzaliwa wa Piraeus wa kizazi cha tatu, aliyeipigania Athens, fungu moja na nahodha aliyetia nanga juzi.