Bodi ya Federal Reserve wakati wa vita: yaliyopita bila mjadala

Anayefungua kumbukumbu za vikao vya Bodi ya Magavana ya Federal Reserve, benki kuu ya Marekani, za 1942 au 1943 akitafuta vita, mara nyingi huchoka ukurasa wa tatu. Hakuna mizinga humo. Kuna ajira ya mpiga chapa, dhamana ya uaminifu (kinga ya benki dhidi ya wizi au udanganyifu) ya ofisa fulani wa benki, ruhusa ya kufungua tawi, telegramu za kuziambia benki 12 za kanda zilizo chini ya Bodi kwamba riba zake zibaki zilivyo, na chini ya kila jambo: limepitishwa kwa kauli moja. Hata ile ahadi ya Aprili 30, 1942, ya kununua kwa riba ya 0.375% dhamana za Serikali (hati za deni lake) za muda mfupi zote zitakazoletwa, huikuti hapa. Ilitoka kwenye Kamati ya Soko la Wazi, inayoamua ununuzi na uuzaji wa dhamana hizo, ambayo ina kumbukumbu zake.

Vita vimo, ila vimejificha kwenye maneno ya kawaida: nani hayupo, cheo gani kimeitwa cha muda, mshahara gani umeombewa kibali. Ukishajua kila fomula ilikuwa na kazi gani kisheria, kurasa hizo zinaanza kusema.

Anza na orodha ya waliohudhuria, ambayo wengi huiruka. Sheria inaipa Bodi viti saba. Kuanzia Machi 1942 hadi vita vinaisha walikuwa sita: Marriner Eccles mwenyekiti, Ronald Ransom makamu wake, kisha Szymczak, McKee, Draper na Evans. Kiti cha saba kilikaa kitupu muda wote. Chester Morrill alikuwa katibu. Mara kwa mara unakuta wajumbe watatu au wanne tu, na kikao kizima ni mambo ya kawaida. Usidhani mtu alisusa. Mwenyekiti aliyekuwa na shughuli Hazina au bungeni hakuhitajika ili karani aajiriwe.

Linalojirudia kuliko yote ni riba, na hapa ndipo msomaji hukosea zaidi. Sheria ya Mabenki ya 1935 inazitaka benki 12 za Federal Reserve zipange riba zake za kukopesha kila baada ya siku 14, au mapema zaidi Bodi ikiona inafaa. Shika neno "zipange". Riba haiendelei yenyewe eti kwa kuwa hakuna aliyeigusa. Wakurugenzi wa benki ya kanda hukaa, huipanga upya hata kama ni ileile ya wiki mbili zilizopita, kisha Washington hupewa taarifa, na Bodi huikubali au huigeuza. Ndiyo maana jibu linasema Bodi inaidhinisha kupangwa, bila mabadiliko, kwa riba zilizomo kwenye jedwali lililopo. Benki 12 mara 26 kwa mwaka ni 312, na hiyo ni hesabu ya chini kabisa.

Jedwali lenyewe halikuwa na riba moja. Mwanzoni mwa 1942 benki zote zilifika 1% kwa mikopo ya kawaida kwa mabenki wanachama. Oktoba mwaka huohuo ikaongezwa riba ya upendeleo ya 0.5% kwa mkopo uliowekewa rehani ya dhamana za Serikali zinazoiva, au ambazo Serikali inaweza kuzilipa mapema, ndani ya mwaka mmoja. Chini yake kulikuwa na riba ya mikopo ya kifungu cha 10(b), yaani mikopo kwa mabenki wanachama yasiyo na rehani ya kawaida, ambayo sheria iliitaka izidi riba ya juu kabisa ya kawaida kwa nusu asilimia au zaidi, halafu riba za mikopo kwa kampuni na watu binafsi, na za mikopo ya viwanda. Telegramu moja ya "bila mabadiliko" iliyabeba yote hayo. Kuanzia Oktoba 1942 mpaka Aprili 1946 zile riba mbili za kwanza hazikusogea. Ukizidisha utapata vibali zaidi ya 1,000 vya kuacha kitu kilivyo.

Ugumu wake ulikuwa wa kalenda. Bodi ya wakurugenzi ya benki ya kanda ina watu tisa, na wengi wao wana kazi zao nyingine: mabenki, viwanda, mashamba. Benki ambayo wakurugenzi wake wote hukutana mara moja kwa mwezi haiwezi kutimiza siku 14 bila kamati ndogo ya utendaji kukaa katikati. Kwa hiyo unapoona telegramu za benki mbili au tatu siku moja na nyingine siku tatu baadaye, hiyo ni ratiba ya vikao vyao, usiitafutie siasa. Wapo wanaouita utaratibu huu mhuri wa mpira, yaani kupitisha kila kitu bila kukihoji. Mimi naona maelezo hayo yana ukweli nusu. Sheria iliipa Bodi nafasi ya kukataa kila wiki mbili. Lakini Hazina ilipokuwa ikikopa kwa kampeni nane za kuuza dhamana, kuanzia mwisho wa 1942 hadi Desemba 1945, nafasi hiyo ilibaki kwenye karatasi.

Sasa maneno ya barua. Katibu alinakili barua nyingi neno kwa neno ndani ya kumbukumbu, na tofauti za kitenzi si mapambo. "Bodi inaidhinisha" ni kibali ambacho sheria inakidai. "Bodi haina pingamizi" maana yake uamuzi ni wako, sisi hatukuzuii. Bodi "ikipokea taarifa" haijaamua chochote. Nimeona makala zinazosema Bodi "iliamua" jambo ambalo kumbe ilikataa tu kulizuia. Angalia pia tarehe tatu zinazoweza kuwa tofauti: ya kikao, ya barua iliyoombewa kibali, na ya uamuzi kuanza kutumika. Riba mpya, kwa mfano, huanza siku inayotajwa kwenye telegramu, nayo si lazima iwe siku ya kikao.

Mishahara ndiyo sehemu ninayoipenda, japo inaonekana kavu. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Federal Reserve kinasema malipo yoyote ya wakurugenzi, maofisa na wafanyakazi wa benki za kanda lazima Bodi iyaidhinishe. Kwa wafanyakazi wa kawaida hilo lilirahisishwa kwa mpango wa madaraja: kila kazi ilikuwa na kima cha chini na cha juu, na ndani yake benki iliamua yenyewe. Ikitaka kuvuka kima cha juu, iliandika Washington. Wakati wa amani barua hizo zilikuwa chache. Vita vilipoanza, karani mzoefu aliitwa jeshini, msaidizi wake akashika meza mbili, na mshahara wake ukagonga dari. Papo hapo sheria ya Oktoba 2, 1942 na amri ya Rais namba 9250 ya kesho yake zikabana nyongeza za mishahara nchi nzima. Ombi dogo la mtu mmoja likawa na milango miwili ya kupita: mpango wa madaraja wa Bodi, na kanuni za kuzuia mishahara kupanda. Ndiyo maana barua za mishahara za 1943 ni ndefu kuliko za 1940.

Ajira za Bodi yenyewe nazo zina fomula yake: fulani ameajiriwa kwa muda usiojulikana mwisho, kwa mshahara wa msingi wa kiasi fulani, kuanzia siku atakayoingia kazini baada ya kufaulu uchunguzi wa afya. Kila kipande kina sababu. "Kwa muda" ni kwa sababu kiti kina mwenyewe: sheria ya kuandikisha askari ya Septemba 16, 1940 ilimpa aliyetoka jeshini haki ya kurudishiwa kazi akiomba ndani ya siku 40, zikaongezwa kuwa 90 mwaka 1944. "Siku atakayoingia" ni kwa sababu kikao hakikujua ataripoti lini. Kwa hiyo jina kwenye kumbukumbu halithibitishi kwamba mtu huyo alikaa kwenye kile kiti.

Na "msingi" ni neno la kuangalia mara mbili. Sheria ya malipo ya ziada ya Mei 1943 iliwalipa watumishi wa serikali kuu kwa wiki ya saa 48. Saa nane za ziada ni siku moja, ililipwa mara moja na nusu, kwa wiki 52, na siku moja ilihesabiwa kuwa sehemu ya 360 ya mshahara wa mwaka. Piga hesabu: 52 mara 1.5 ni 78. Gawa kwa 360, unapata 21.67%. Mpiga chapa mwenye msingi wa $1,440 anaongezewa $312, jumla $1,752. Hesabu iliishia kwenye $2,900 za kwanza, kwa hiyo nyongeza kubwa kabisa ilikuwa takriban $628. Anayelinganisha mishahara ya 1941 na ya 1944 kwa kusoma takwimu za msingi peke yake atasema hakuna kilichobadilika.

Kanuni W, ya mikopo ya wanunuzi, ilizaliwa na amri ya Rais ya Agosti 9, 1941, ikaanza Septemba 1. Ilileta maswali ya duka moja moja kwenye meza ya benki kuu. Baada ya kubanwa Mei 1942, vitu vingi vilivyoorodheshwa vilitaka theluthi moja taslimu na salio ndani ya miezi 12: kifaa cha $90 kinataka $30 mkononi, na $60 zinazobaki ni $5 kwa mwezi kabla ya gharama. Deni la daftarini lilipaswa kulipwa kufikia tarehe 10 ya mwezi wa pili baada ya ununuzi. Hapo ndipo malalamiko yalipoanzia. Aliyenunua Juni 1 alikuwa na siku 70 mpaka Agosti 10. Aliyenunua Juni 30 alikuwa na 41. Tafsiri za Bodi zilitumwa kwa benki zote 12 kwa pamoja, maana swali likijibiwa Chicago peke yake, Dallas watalijibu kivyao.

Kuhusu noti nitapita haraka. Kila benki ya kanda ina wakala wa Federal Reserve anayeshika rehani ya noti zinazotolewa, na wasaidizi wake huweka dhamana za uaminifu. Ofisa mmoja akienda vitani, mrithi wake anahitaji dhamana mpya, nayo inaingia kikaoni. Akiba iliyotakiwa ilikuwa 40% kwa noti na 35% kwa amana, mpaka sheria ya Juni 12, 1945 ilipoishusha zote kuwa 25%. Desemba 1942 zilitolewa noti za zamani zilizokuwa zimehifadhiwa ghalani, kama dola milioni 660, ili kuokoa karatasi na kazi ya kuchapa. Ukikuta mstari unaohusu noti zenye neno HAWAII, hizo za $5, $10 na $20 ni za benki ya San Francisco, za 1942. Zilipigwa chapa hiyo ili zitangazwe batili endapo Wajapani wangeziteka.

Kwa anayetaka kuona vita vinaisha ndani ya karatasi hizi, Agosti 1945 haina mengi. Aende kwenye telegramu za riba za Aprili na Mei 1946, benki zilipoanza kuifuta ile 0.5%. Hazikuifuta siku moja, kwa sababu kila moja ilisubiri kikao chake, kwa hiyo soma siku kwa siku na uandike jina la benki kila maneno "bila mabadiliko" yanapokosekana.