Kutembelea Kaunti ya Tana River: yanayosemwa na yaliyopo

Dhana: Kama katika miji ya Hola na Garsen hakujanyesha, barabara ni salama.

Hapa ndipo wageni wengi hukwama. Maji ya mto Tana hutoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, mamia ya kilomita juu, kisha hupitia mabwawa ya umeme ya Seven Forks, likiwemo Masinga. Bwawa la Masinga likifurika, maji hushuka hadi nyanda za chini siku kadhaa baadaye, na huko pengine jua linawaka kama kawaida. Novemba 2023 barabara ya kwenda Garissa ilikatwa na mafuriko sehemu za Mororo na Madogo. Aprili 2024 boti ikapinduka hapo hapo Mororo ikivusha abiria.

Kwa hiyo ukisafiri Aprili hadi Juni, au Oktoba hadi Desemba, fuatilia matangazo ya KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mabwawa hayo, kuhusu Masinga, kisha waulize madereva wa mabasi ya njia hiyo. Wao hujua palipokatika kabla ya redio. Ukikuta maji yamefunika lami, usimfuate aliyetangulia. Mkondo hula udongo wa chini, lami ikabaki kama kifuniko kisichokuwa na kitu chini yake. Julai hadi Septemba ndiyo miezi ya kuchagua. Januari hadi Machi pia kukavu, ila joto lake si mchezo.

Dhana: Mbega mwekundu wa Tana utamwona popote kando ya mto.

Yeye na mangabei wa Tana, aina nyingine ya kima, hawapatikani kwingine duniani, na hapa kwenyewe huishi katika vipande vya msitu vya mto wa chini tu. Miti hiyo hutegemea mafuriko na maji yanayopenya ardhini kutoka mtoni. Ukiacha ukingo kidogo tu, unakuta vichaka vikavu. Hifadhi ya Tana River Primate, iliyotengwa 1976, iko kati ya Garsen na Hola. Nenda alfajiri, kwa miguu, pamoja na askari wa wanyamapori au mwenyeji anayeijua njia, kwa sababu kiboko huwa bado wanarudi majini saa hizo. Mbega hula majani, kwa hiyo mtafute juu. Mangabei hutembea chini akiokota matunda na mbegu. Utamsikia kabla ya kumwona.

Dhana: Wafungwa wa Hola walikufa kwa kunywa maji mabaya.

Huo ulikuwa uongo wa serikali ya kikoloni. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa Mau Mau walipigwa na askari hadi kufa kwa kukataa kazi ya kulazimishwa, na uchunguzi wa vifo ulithibitisha majeraha ya kipigo. Kumbukumbu yao iko mjini Hola. Omba ruhusa kwa wahusika kabla ya kupiga picha.

Dhana: Magofu ya Waswahili ni ya Lamu na Gede.

Karibu na Kipini kuna Ungwana, mji wenye magofu ya misikiti, aliouchimbua mwanaakiolojia James Kirkman miaka ya 1950. Ndani zaidi ya delta, Golbanti, wamezikwa John na Annie Houghton, wamisionari Wamethodisti waliouawa 1886. Sehemu hizi mbili haziko njia moja, na pikipiki ndiyo itakayokufikisha. Ukitaka kuona mdomo wa Tana hapo Kipini kwa boti, toka maji yakijaa. Yakipwa, mafungu ya mchanga hukwamisha chombo. Dai koti la kujiokolea kabla ya kulipa, si baada.

Dhana: Ukifika Hola, Kora ni jirani.

Kaunti ni moja, safari ni mbili. Hifadhi ya Taifa ya Kora, alikozikwa George Adamson, mhifadhi wa simba aliyeuawa 1989, iko kaskazini, na huingiliwa kwa urahisi zaidi kutoka upande wa Meru au Mwingi. Chukua gari la kuvuta magurudumu yote manne, gurudumu la akiba, mafuta ya kwenda na kurudi na maji ya kunywa ya siku nzima zaidi ya mpango wako. Kiingilio kilipe mapema kwa eCitizen, tovuti ya serikali ya malipo, ukiwa bado kwenye mtandao.