Kabla hujatoa hela, soma ubavu wa tairi

Juzi kati alikuja kijana mmoja karakana kwetu na Toyota IST nyeusi, kaiosha mpaka inang'aa, na jina kaipa kabisa, kabandika kioo cha nyuma kwa herufi kubwa: MALAIKA. Mi nafundisha ufundi wa magari kwenye chuo cha ufundi hapa Arusha, na mara moja moja huwa tunawaita watu walete magari yao wanafunzi wayakague bure, wao wanapata mazoezi na mwenye gari anapata ukweli.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibu. Gari ina shida gani?"

"Haina shida mwalimu, nimekuja mnione tu. Nimefunga tairi nne za Japani kwa bei ya mbili."

Nikachuchumaa. Meno marefu kweli, ukiangalia kwa mbali unasema mpya. Ila kila jino lina michirizi midogo midogo imepangana kama chale, na ukibonyeza kwa kucha raba inaingia kama kifutio cha shule. Nikapangusa vumbi ubavuni, neno likatokea kubwa tu: STUDLESS. Hizo ni tairi za theluji ndugu zangu. Kule Japani, hasa upande wa kaskazini kama Hokkaido, wanazifunga msimu wa baridi kali, ukiisha wanazitoa, na nyingine zinatufikia huku kama mtumba au zikiwa tayari kwenye gari. Raba yake imetengenezwa laini makusudi ili isikakamae kwenye barafu, sasa ukiileta kwenye lami ya jua la mchana inalainika zaidi, inalika haraka, gari linayumba ukikata kona na breki inachelewa kushika. Nikamwambia theluji yetu iko Kibo, kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 huko juu, na IST haipandi huko. Akacheka kidogo halafu akanyamaza.

Nikamwonyesha na kingine. Tafuta herufi DOT ubavuni, zifuate mpaka mwisho, utakuta tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu kama yai. Zake zilikuwa 3814, yaani wiki ya 38 ya mwaka 2014. Ukikuta tarakimu tatu tu achana nayo kabisa, hiyo imetengenezwa kabla ya mwaka 2000, ni mzee mwenzangu. Na ujue tarehe mara nyingi iko upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii haina tarehe boss" mwambie aigeuze. Raba inazeeka hata kama imekaa stoo haijawahi kugusa barabara, inakauka, inapasuka vipasuko vidogo kama kisigino cha mtu asiyepaka mafuta. Watengenezaji wengi wanashauri tairi ikipita miaka 5 au 6 ikaguliwe kwa makini kila mwaka, na ikifika 10 itoke hata kama meno yote yapo.

Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu na mimi nilishaliwa. Miaka ya nyuma nilinunua tairi ya mtumba kwa haraka, meno mazuri, sikugeuza, siku hiyo tunatoka msibani Moshi na shangazi yangu kakaa siti ya nyuma, tumepita Kikatiti tunaitafuta Usa River, tukasikia paa! Gari likaenda zigizaga mpaka kwenye majani pembeni. Tukashuka wazima, namshukuru Mungu. Shangazi akaiangalia ile tairi imechanika kama kandambili, akaniangalia na mimi, akasema, "Mwanangu, si wewe ndo unawafundisha wenzio?" Mpaka leo kwenye vikao vya ukoo naulizwa hilo swali.

Kuhusu saizi sitakaa sana. 185/65R15 88S maana yake upana milimita 185, kimo cha ubavu ni asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 15, 88 inamaanisha tairi moja inabeba kilo 560 na S ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Wengi tunaangalia hiyo 15 ya rimu tukiona imeingia tumemaliza, ile 88 hakuna anayeiuliza, wakati Noah inajazwa abiria saba, magunia mawili ya mahindi na mkungu wa ndizi juu. Ukibadilisha tairi usishuke chini ya namba ya uzito ya zile gari ilizotoka nazo.

Sasa upepo, hapa ndo naomba tukae kidogo. Fungua mlango wa dereva uangalie kwenye nguzo, kuna kistika, kwenye magari yetu haya kimeandikwa Kijapani watu wanakiruka, ila namba hazina kabila. Utaona mfano 220, hiyo ni kPa, kipimo cha upepo cha kwenye kistika, igawe kwa 7 unapata psi 31 na kitu, psi ndo kipimo cha fundi wa upepo, akiweka 32 hajakosea. Kile kistika ndo bosi, sio mazoea ya "weka 30 zote" na sio namba kubwa ya ubavuni, ile ni mwisho wa uvumilivu wa tairi. Halafu pima asubuhi gari likiwa limelala, kwa sababu joto la tairi likipanda nyuzi 10 hivi upepo unapanda karibu psi 2, mtu ametoka Moshi mbio mbio kafika Tengeru anapima anaona 36 anaogopa anapunguza, kesho yake asubuhi anaendesha na 28 bila kujua. Na wale wa Moshono na Kwa Mrombo mnaopunguza upepo ili gari liwe laini kwenye mawe, nawaelewa, zile barabara nazijua, mgongo wangu pia unazijua, ila mkipanda lami rudisheni. Tairi ya upepo mdogo inajikunja ubavu kila inapozunguka, inajipasha joto yenyewe kwa ndani, na ndo inayopasuka ukiwa speed. Watu wanadhani inayopasuka ni iliyojazwa sana, mara nyingi ni kinyume.

Tairi iliyolika inasema yenyewe gari linaumwa nini. Ikilika pembeni kote kuwili upepo ulikuwa mdogo, ikilika katikati ulizidi, upande mmoja wa ndani nenda kapime alaimenti, yaani mkao wa magurudumu, ikiwa na mabaka mabaka muulize fundi habari za shokapu. Meno yenyewe yana mwisho wake, ndani ya mifereji kuna vinundu vya raba kimo chake milimita 1.6, tairi ikilika ikawa sawa navyo imeisha, isiendelee hata kwenda sokoni. Mimi nikiwa njiani natumia njiti ya kiberiti, unene wake ni kama milimita 2, ilaze ndani ya mfereji, ikichungulia juu ya raba jua huna tairi una kipara.

Kuna jambo moja tunabishana sana na mafundi. Hela imetosha tairi mbili mpya, unazifunga wapi? Karibu kila gereji watakwambia mbele, kwa sababu mbele ndo kuna usukani na ndo kunavuta. Mimi nasema nyuma, na watengenezaji wa tairi wenyewe wanasema nyuma. Sababu yake subiri masika, kati ya Machi na Mei, maji yamesimama kwenye lami, tairi iliyoisha inashindwa kuyasukuma pembeni inapanda juu yake inaelea. Ikielea ya mbele, usukani unakuwa mwepesi na gari linaenda moja kwa moja, unashtuka, unatoa mguu kwenye mafuta taratibu, linarudi. Ikielea ya nyuma, mkia unakuja mbele kukuuliza unaenda wapi, na ukiwa unashuka Machame au Kibosho kwenye kona huna nafasi ya kujibu. Fundi akikubishia mwambie tu wewe ndo mwenye gari.

Akishafunga asikaze nati kwa kuzunguka duara, akaze kwa kuvuka, moja huku nyingine ng'ambo yake, na asiruke juu ya spana kwa miguu miwili, anaharibu meno ya bolti na siku ya pancha hazifunguki. Baada ya kama kilomita 80 zikaze tena. Ni Arusha mpaka Moshi hiyo, ukifika usianze na supu ya kisusio, anza na spana. Na mkikumbuka fungueni buti muangalie spea, ile nyembamba ya dharura inataka psi 60, nyingi nikizipima zina 15, na hata ikiwa na upepo wake wote mwisho ni kilomita 80 kwa saa, ni ya kukufikisha kwa fundi pancha sio ya kwendea Tanga.

Kuhusu majina, kuna watu wananiuliza kama mtaalamu naonaje mtu mzima kuliita gari jina. Naona vizuri tu, mradi stika isizibe kioo. Noah yangu inaitwa Mangi, kama tunavyowaita Wachaga wenye maduka, kwa sababu inaamka saa kumi na moja alfajiri na haikatai mzigo, mke wangu yeye anaiita mke mwenza. Nilichogundua ni kwamba gari lenye jina linasemewa. Hakuna mtoto atakuja kukwambia "baba, alaimenti imehama", ila wa kwangu wa darasa la tatu aliniambia tukiwa Njiro, "Baba, Mangi leo anachechemea", nikasimama, kweli, nyuma kulia msumari umezama mpaka kichwa. Tangu hapo nina kidaftari kwenye dashibodi kimeandikwa MANGI juu, ndani tarehe ya kila tairi, siku ya kufunga, kilomita na upepo.

Yule kijana wa Malaika karudi Jumamosi. Kanunua mbili mpya, kazifunga nyuma kama nilivyomwambia, nati kazikaza kwa kuvuka mwenyewe mbele ya wanafunzi. Mbele bado zimo zile za theluji, anasema mpaka mwisho wa mwezi. Nimemwambia basi mpaka mshahara utoke Malaika asivuke Usa River, na mvua ikinyesha aliache nyumbani kabisa apande kifodi, daladala zetu za hapa.